Namna ya Kupanga Nguvu za Wahusika wa Hadithi kwa Malimwengu Yanayowezekana: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kusoma madaftari mengi ya vijana wanaokutana kila Jumamosi usiku kwenye baraza moja la Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, kubishana ni mhusika gani wa hadithi mwenye nguvu kuliko wenzake. Majina yanatofautiana kutoka daftari hadi daftari, lakini kosa ni lile lile. Kijana mmoja aliniletea orodha ya majina 40, aliyoipigia mistari kwa rula, wino wa buluu kwa majina na mwekundu kwa daraja, na pembeni mwa ukurasa pakiwa na alama ya duara palipowekwa kikombe cha kahawa. Kileleni alikuwa amemweka mhusika ambaye, kwa maneno yake, "yuko juu ya malimwengu yote yanayowezekana". Nilipomuuliza ulimwengu unaowezekana ni kitu gani, alichora jengo la ghorofa nyingi, kila ghorofa ulimwengu mmoja, na mhusika wake akiwa amesimama juu ya paa.

Mchoro ule ndio asili ya makosa karibu yote niliyoyaona. Ulimwengu unaowezekana si ghorofa wala si sayari, na si mahali pa kupanda. Ni namna moja kamili ambayo mambo yote yangeweza kuwa. Leo asubuhi feri ya Likoni ilikuacha ukiwa bado kwenye foleni. Ipo namna nyingine ambayo uliwahi, ukavuka, ukafika kazini mapema. Namna hiyo nzima, kuanzia wewe na feri hadi nyota ya mbali kabisa, ndiyo ulimwengu mmoja unaowezekana.

Kwa hiyo malimwengu ni kipimo, kama kibaba na pishi. Mpima mchele hasemi kwamba mchele wake umeishinda pishi; husema umejaza pishi ngapi. Tunaposema mhusika anaweza jambo, tunasema litakalotokea katika malimwengu ambamo analijaribu. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka katika sentensi hiyo moja.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa daftari la kurasa kubwa, kalamu za rangi mbili, matini yenyewe ya hadithi (si muhtasari uliosimuliwa na mtu), na mpinzani mmoja anayempenda mhusika mwingine. Mpinzani ni kifaa cha lazima kama kalamu. Sijaona jedwali lililotengenezwa na mtu mmoja peke yake likakosa upendeleo.

Unahitaji pia maneno matatu, nayo tunayo tayari. *Yakini* ni lile ambalo mhusika hufaulu katika malimwengu yote ya karibu. *Yumkini* ni lile analofaulu katika baadhi yake. *Muhali* ni lile asilofaulu katika hata mmoja. Kwa wazee wetu neno malimwengu lina maana ya mambo na mikasa ya dunia. Humu ninalitumia kama wingi wa ulimwengu tu.

Tenga siku mbili kwa wahusika watatu. Anayeanza na majina 40 hafiki mwisho.

## Hatua ya 1: Mtaje mhusika pamoja na matini yake

Andika jina la mhusika, matini anamotoka, na mahali unapokomea katika matini hayo. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani yetu, ana masimulizi kadhaa. Mimi hapa nitamtumia Liyongo wa utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, na ubishi wa wanahistoria kuhusu mtu aliyeishi Pate au Ozi nitauacha kando. Ukimchagua Superman, sema ni wa lini. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938 hakuwa akipaa angani. Alikuwa akiruka kwa miguu, umbali wa moja ya nane ya maili, yaani mita 200 hivi. Kupaa kulikuja baadaye. Ukiandika "Superman" bila mwaka, umewavisha watu wawili kanzu moja.

Wanafalsafa wenyewe hawakubaliani hapa. Saul Kripke, katika mihadhara yake ya mwaka 1970, alishikilia kwamba jina humshika mtu yule yule katika kila ulimwengu alimo. David Lewis alisema kila ulimwengu una wakazi wake, na tunachokipata kwingine ni mwenzi anayefanana naye. Katika mambo ya watu wa kweli mimi huvutwa zaidi na Kripke, lakini kwa kazi hii Lewis anafaa zaidi: Superman wa 1938 na wa baadaye ni wenzi wanaofanana, nawe unampima mmoja.

Utajua umefaulu pale mpinzani wako atakapoweza kufungua matini yale yale na kumkuta mtu unayemzungumzia.

## Hatua ya 2: Tenga matendo, sifa na majigambo

Gawa ukurasa katika safu tatu. Ya kwanza ni matendo yaliyotendeka ndani ya hadithi. Ya pili ni sifa alizopewa na msimulizi. Ya tatu ni yale aliyojisifu mwenyewe, au aliyosifiwa na rafiki au adui.

Pwani yetu ina mila ndefu ya majigambo, na shujaa anayejinaki katika wimbo hafanyi kosa lolote; lakini wimbo wake ni ushahidi kwamba aliimba, na hautoshi kuwa ushahidi kwamba alitenda. Ukichanganya safu hizi, mhusika mwenye mdomo mkubwa atampita mtendaji. Andika safu ya tatu kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha usiitumie mpaka Hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Jaza ulimwengu wa hadithi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Hadithi haisemi kila kitu. Utenzi hausemi kama Liyongo alikuwa na figo mbili, wala kama alipenda samaki kuliko nyama. Hata hivyo tunajua alikuwa na damu na kwamba alihitaji chakula, ingawa hakuna aliyetuandikia orodha hiyo. Mwaka 1978 Lewis alitoa kanuni ya kulijaza pengo hili: lililo kweli katika hadithi ni lile lililo kweli katika malimwengu ambamo hadithi hiyo inasimuliwa kama habari iliyotokea na inayojulikana, na ambayo katika mengine yote yanafanana mno na ulimwengu wetu. Alitoa pia njia ya pili: yafanane na yale ambayo jamii ilikotoka hadithi iliyaamini kwa pamoja. Kwa ngano na tenzi zetu nakushauri ushike njia ya pili, kwa sababu wasikilizaji wa kwanza walijaza mapengo kwa jini na mizimu yao pasipo kuambiwa.

Angalia kwamba kanuni inasema malimwengu, kwa wingi. Hadithi moja ni kundi la malimwengu, kwa kuwa kila pengo lisilojazwa linaweza kujazwa kwa njia zaidi ya moja. Jambo likiwa kweli katika baadhi yake tu, huna ruhusa ya kuliandika yakini, hata ukiwa unampenda mhusika kiasi gani.

Sasa njoo kwenye neno *hakuna*. Katika simulizi za Liyongo, hakuna silaha inayomuua isipokuwa shaba ikichomwa kitovuni. Kijana wa orodha ya majina 40 aliandika hivi: "Liyongo hafi ila kwa shaba, basi hata jua likipasuka hafi, basi yuko juu ya mhusika yeyote anayepasua jua." Kila hatua inaonekana kufuata iliyotangulia, na mwisho wake ni upuuzi.

Kosa limo katika neno lenyewe. Muuza viazi karai wa Likoni akisema jioni kwamba watu wote wameshavuka, hasemi habari za watu wa Kisumu. Anasema waliokuwa kwenye foleni ya feri. Kauli za *wote* na *hakuna* huwa na uwanja wake, na uwanja huo huwekwa na mazungumzo. Msimulizi wa Liyongo alikuwa akizungumzia mikuki, mishale, panga na majambia ya pwani ile, silaha ambazo Sultani wa Pate na watu wake wangeweza kuzishika. Malimwengu ambamo jua linapasuka hayakuwamo katika uwanja wake. Kuhusu hayo matini yamenyamaza, na jibu la uaminifu si yakini.

Onyo: usiupunguze uwanja kwa adui wa mhusika wako na kuupanua kwa mhusika wako. Kipimo kiwe kimoja.

Hadithi ikijipinga yenyewe, sura moja ikasema shujaa hajui kuogelea na nyingine ikamvusha mto, igawe vipande na upime kila kipande peke yake. Usiviunganishe kwa nguvu, kwa sababu kutoka kwenye mgongano unaweza kuthibitisha chochote.

Dalili ya mafanikio: una aya moja inayoeleza sheria za ulimwengu wa hadithi, na mpinzani wako ameisoma akakubali kila sentensi kabla hajajua utaitumia vipi.

## Hatua ya 4: Geuza kila tendo kuwa kauli ya lau

Kiswahili kimetupa chombo cha hatua hii bila gharama. Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado laweza kuwa, na -ngali- ni ya lile lililokwisha kupita. Kauli zote za nguvu ziandike hivi: lau fulani angejaribu jambo hili, katika hali hii, angefaulu. Kuna nafasi tatu za kujaza, na ukiacha hata moja wazi kauli yako haina maana inayopimika.

Chukua kifungo cha Liyongo. Wengi huandika "ana nguvu za kuvunja gereza", kisha wanasonga mbele. Rudi kwenye matini. Alikuwa amefungwa kwa minyororo. Mama yake akampelekea mkate uliofichwa tupa ndani yake. Ngoma ya gungu ikapigwa, na kelele za ngoma zikafunika sauti ya tupa ikikereza chuma. Kauli sahihi basi ni hii: lau Liyongo angefungwa minyororo, akiwa na tupa na kelele za kumficha, angetoka. Ondoa tupa, kisha uulize tena. Mtu ambaye mikono yake ingekata mnyororo asingehitaji mkate ule. Matini yanakuonyesha akili, subira na mama mwaminifu. Nguvu za mikono hazikushuhudiwa hapo.

Fanya hivi kwa kila mstari wa safu ya kwanza, na utaona nusu ya matendo yanabadilika sura. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayotenganisha jedwali linalosimama na lile linaloanguka kwa swali moja.

## Hatua ya 5: Pima ukaribu wa malimwengu

Kauli ya lau haitutumi kwenye kila ulimwengu. Inatutuma kwenye ule wa karibu, ambamo sharti limetimia na mengine yamebaki kama yalivyo kadiri iwezekanavyo. Lewis alilieleza hili kwa kirefu mwaka 1973, na mwaka 1979 akaongeza utaratibu wa kupima ukaribu, ambao kwa kazi yetu unaweza kufupishwa hivi: kwanza epuka kuvunja sheria kubwa za ulimwengu wa hadithi, pili hifadhi matukio mengi ya hadithi kama yalivyotokea, tatu, ndipo uhofie mivunjo midogo ya hapa na pale.

Chora duara tatu. Ya ndani ni malimwengu ambamo umebadilisha jambo moja dogo. Ya kati ni yale ambamo tukio zima limebadilika. Ya nje ni yale ambamo sheria yenyewe imebadilika. Mtoto yule yule wa Liyongo aliyemchoma baba yake kitovuni akiwa amelala, lakini mkononi ana kisu cha chuma badala ya shaba: hiyo ni duara ya ndani, na humo Liyongo anaamka akiwa hai. Liyongo ambaye hakuwahi kupata mtoto yumo katika duara ya kati. Liyongo asiyedhuriwa hata na shaba yuko nje kabisa, na huyo usimlete mezani.

Usitafute ulimwengu mmoja ulio karibu kuliko yote. Mara nyingi iko mingi inayolingana, na ikitoa majibu tofauti, hukumu yako ni yumkini.

Kuna hila moja ninayoiona kila Jumamosi: mtu anampa shujaa wake siku nzima ya kujiandaa, na adui anamkuta usingizini. Hilo ni kusogeza malimwengu ya mmoja karibu na kumsukumia mwenzake mbali. Maandalizi yakitolewa, yatolewe kwa wote wawili, tena yaandikwe katika kauli ya lau.

## Hatua ya 6: Andika hukumu

Chagua changamoto tano hadi nane, zile zile kwa wahusika wote, kisha ujaze yakini, yumkini au muhali. Matini yakinyamaza, acha nafasi wazi. Kimya si muhali. Sasa tu unaweza kutazama safu ya majigambo, na kazi yake ni kukuonyesha pa kurudi kusoma tena.

Mfano wangu una wahusika watatu: Liyongo, Nunda mla watu, yule paka wa Sultani Majinuni aliyeanza kwa wanyama wa kufugwa akaishia kwa binadamu, na paa wa hadithi ya Sultani Darai. Changamoto ni tano: silaha uso kwa uso, mtego wa watu wengi, kifungo, khiana ya mtu aliyeaminiwa, na maradhi bila wa kukuuguza.

Liyongo uso kwa uso ni yakini. Kwa mtego ana ushahidi mzuri: wenzake walipatana kupanda mkoma, mti wa matunda wa jamii ya mnazi, kwa zamu ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu, naye akayaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Niliandika yakini, mpinzani wangu akapinga kwamba aliutambua mtego mmoja na si kila mtego, nami nikashusha hadi yumkini kwa sababu alikuwa na haki. Kifungo ni yakini akiwa na tupa, na nafasi wazi akiwa hana. Khiana ilibidi niigawe mara mbili: ya asiyejua siri ya shaba ni yakini, ya anayeijua ni yumkini tu, kwa kuwa hadithi yenyewe inamwonyesha akishindwa. Hata hivyo alisimama na jeraha lake, akachukua uta, akapiga goti karibu na kisima, akafa hivyo hivyo. Na watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa. Kauli ya ziada inayotoka hapo ni nzito: hata katika malimwengu ambamo ameuawa, adui zake wanaendelea kumhofu.

Nunda uso kwa uso ni yumkini. Aliwala wengi, lakini akauawa na kijana mdogo wa Sultani aliyekwenda kumwinda. Kifungo kiko wazi.

Paa ndiye anayewashangaza vijana. Aliingia nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba, akasubiri ndani na upanga, na kila kichwa kilipoingizwa akakikata, mpaka cha saba. Uso kwa uso, akipewa upanga na mlango mwembamba, ni yakini. Lakini paa huyo huyo alikufa kwa maradhi na dharau, kwa sababu bwana wake, ambaye paa ndiye aliyemtajirisha, hakumjali. Katika mstari wa mwisho aliandikiwa muhali, na kijana mmoja barazani alikataa kuiandika hukumu hiyo kwa mkono wake. Namwelewa. Hata hivyo ukimpendelea mhusika wako, jedwali linaharibika. Andika, kisha umhurumie.

## Hatua ya 7: Wakutanishe wahusika wa hadithi mbili

Hakuna matini yanayosema nini kingetokea Liyongo akikutana na Nunda, kwa hiyo lazima uulize: katika ulimwengu wa nani? Pambano lifanye mara tatu. Mara ya kwanza kwa sheria za hadithi ya kwanza, mara ya pili kwa sheria za hadithi ya pili, na mara ya tatu katika malimwengu ambamo sheria za hadithi zote mbili zinasimama pamoja bila kugongana. Ushindi unaobaki katika mara zote tatu ndio yakini.

Nunda katika hadithi yake anauawa kwa silaha za kawaida, na Liyongo ni mpiga uta asiyekosa. Hapo hakuna shaka. Makucha ya mnyama wa pwani yale yale yamo ndani ya uwanja wa *hakuna* ya Liyongo. Lakini kumezwa mzima si silaha, na utenzi haukuligusa jambo hilo. Niliandika: Liyongo juu ya Nunda, isipokuwa kumezwa, ambako nafasi iko wazi. Hukumu yenye "isipokuwa" si dhaifu; inaonyesha mahali hasa pa kubishania.

Sheria za hadithi mbili zikigongana kabisa, mathalan moja inasema uchawi haupo na nyingine inaendeshwa na uchawi, basi ulimwengu wa kuwakutanisha haupo. Andika "hawapambanishiki" na uendelee.

## Hatua ya 8: Panga madaraja bila kuhesabu malimwengu

Kijana mmoja aliandika kwamba shujaa wake hushinda katika "asilimia 90 ya malimwengu". Namba hiyo haina kitu ndani yake. Malimwengu hayana mwisho, na mwanahisabati Georg Cantor alionyesha katika karne ya 19 kwamba makundi yasiyo na mwisho hayalinganishwi kama magunia ya mchele: namba shufwa, yaani 2, 4, 6 na kuendelea, ni nyingi sawasawa na namba zote nzima, kwa sababu kila namba unaweza kuipa mwenzake kwa kuizidisha mara mbili. Shujaa wako anaweza kushinda katika malimwengu yasiyo na mwisho, na wangu pia, na hesabu isituambie lolote.

Badala ya kuhesabu, tumia ujumuishi. Fulani yuko juu ya mwingine ikiwa katika kila mstari hukumu yake si ya chini kuliko ya mwenzake, na angalau katika mstari mmoja ni ya juu. Wakigawana mistari, wote wawili wanabaki bila mstari wa kuwaunganisha. Liyongo na paa ni hivyo: paa ana yakini moja iliyothibitishwa dhidi ya joka, na matini yamemnyima mengine mengi; kwa Liyongo, maradhi yako wazi. Huna haki ya kuwaweka ghorofa mbili.

Orodha iliyotengenezwa hivi haiwi kama mnazi, shina moja hadi juu. Inakuwa kama mkoma, ambao shina lake hugawanyika matawi, na matawi nayo hugawanyika tena. Ukiona daftari lako limetoa mnazi ulionyooka wenye majina zaidi ya matano, rudi Hatua ya 6, kwani karibu kila mara kuna nafasi wazi uliyoijaza kwa mapenzi.

## Wahusika wanaosemwa wako nje ya malimwengu yote

Hawa huletwa kila wiki, na wako wa namna tatu.

Wa kwanza ni msafiri wa malimwengu mengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Lewis alieleza kwamba malimwengu yanayowezekana yametengana kabisa, bila njia wala athari kati yao. Basi kama mhusika anatoka huku akaenda kule, huku na kule ni sehemu za ulimwengu mmoja unaowezekana, hata hadithi ikiziita malimwengu elfu. Mpime kama msafiri mwenye mwendo mkubwa, kwa changamoto zile zile.

Wa pili ni yule asemwaye yupo katika kila ulimwengu. Kuwapo kila mahali si nguvu. Kwa wanafalsafa wengi namba 7 ipo katika malimwengu yote, na haijawahi kusukuma mkokoteni wa soko la Marikiti hata hatua moja.

Wa tatu ndiye yule wa juu ya paa. Malimwengu yanayowezekana yakichukuliwa yote, yamekusanya kila namna ambayo mambo yangeweza kuwa. Akiwa mhusika angeweza kuwapo, yumo katika mojawapo. Akiwa hayumo katika hata mmoja, basi kuwapo kwake ni muhali, na asiyewezekana hana daraja. Aliyesoma tauhidi chuoni atakumbuka hukumu tatu za akili, wajibu (lisiloweza kukosekana), mustahili (lisilowezekana) na jaizi (laweza kuwa au kutokuwa), na kwamba uwezo hufungamana na lililo jaizi. Kutotenda lililo mustahili hakuhesabiwi upungufu. Nalitaja somo hilo kwa ajili ya utaratibu wake tu, maana Mwenyezi Mungu hawekwi katika jedwali la wahusika. Mwandishi akisema shujaa wake huchora duara lenye pembe nne, peleka kauli hiyo safu ya tatu, pamoja na majigambo mengine.

## Ukaguzi wa mwisho

Mpe mpinzani wako matini na orodha ya changamoto, umfiche hukumu zako, na umwache ajaze mwenyewe. Mkitofautiana, msibishane kuhusu mhusika. Tafuteni mstari, kisha kauli ya lau, kisha duara mliyoichora. Tofauti nyingi nilizoziona ziliishia kwenye hali ambayo mmoja hakuiandika.

Kijana wa majina 40 alirudi baada ya wiki tatu. Ukurasa ulikuwa na majina tisa, matawi manne, na nafasi wazi nyingi kuliko zilizojazwa. Jina lililokuwa juu ya paa sasa liko pembeni, limezungushiwa wino mwekundu, na chini yake ameandika: "Nasubiri matini."